Mafunzo Niliyopata: Majarida Tapeli na Sisi Wenye Haraka

Nimefanya kazi ya maabara, kisha ya utafiti wa afya, huku Nyanda za Juu Kusini kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana niliowafundisha kuhesabu chembe za damu ndio leo wanaonipima sukari na kunikataza soda. Tangu nistaafu wananitembelea nyumbani Mbeya, wengine wanapiga simu kutoka Iringa, na baada ya shikamoo na habari za mvua swali huwa lile lile: "Mama, hili jarida ni la kweli?"

Zamani swali hilo lilikuwa nadra kwa sababu waliochapisha walikuwa wachache. Siku hizi Mbeya ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Ina ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya Tosamaganga. Kote humo yupo daktari, muuguzi au mteknolojia mwenye data kwenye kompyuta na tarehe ya mwisho kichwani. Sitakushauri upunguze hamu yako ya kuchapisha. Ninachotaka ni usiipeleke nilikoipeleka yangu.

1. Anayekusifu kabla hajakusoma ana kitu cha kuuza

Barua pepe ilianza kwa "Profesa Mashuhuri". Wakati huo nilikuwa na shahada moja, madeni mawili matatu, na bango la utafiti nililowahi kulisimamia kwenye mkutano mmoja, kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito. Barua ikasema wahariri wamevutiwa mno na mchango wangu wa kipekee katika upasuaji wa meno, wananiomba andiko kabla ya mwisho wa mwezi.

Upasuaji wa meno! Niliona kosa hilo, nikalisamehe. Nikajiambia wamechanganya majina, lakini hata kuchanganywa na profesa si jambo dogo. Jioni nikampigia dada yangu Tukuyu kumwambia kuwa Ulaya wananifahamu. Watoto wake waliniita Mama Profesa tangu siku hiyo, na nilichukua miaka kugundua kwamba walikuwa wananicheka.

Nilituma. Majibu yalirudi haraka kuliko ya simu ya mkopo: andiko limekubaliwa bila marekebisho, hongera sana, na chini yake ankara. Ada haikuwa imetajwa popote kabla ya hapo. Nikakopa kwenye SACCOS ya kazini, nikalipa. Makala ikatoka na jina langu limekosewa na jedwali la pili limekatwa nusu.

Kwa muda mrefu nilijieleza kwamba nilitapeliwa kwa kutojua. Ukweli ulionishangaza nilipokaa kuutafakari ni kwamba nilijua vya kutosha. Kulikuwa na ufadhili wa masomo unaofungwa mwezi ule, nao ulitaka makala iliyochapishwa. Jarida lile halikuniuzia ukurasa wala wahariri. Liliniuzia muda, na mimi muda ndio nilikuwa nimeishiwa. Watafiti wawili wa Finland, Shen na Björk, walipolipima soko hili walikadiria kuwa makala zilizotoka kwenye majarida ya aina hii ziliongezeka kutoka 53,000 mwaka 2010 hadi 420,000 mwaka 2014, kwa ada ya wastani wa dola 178, na robo tatu ya waandishi walikuwa wa Asia na Afrika. Siamini kwamba wote hao hawakuona upasuaji wao wa meno.

Kama unataka orodha ya dalili, hukumu moja ya mahakama itakutosha. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, mwaka 2016, na Machi 2019 mahakama ya Nevada ikaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Waliyokutwa nayo ni haya: kuficha ada mpaka andiko likubaliwe, kudai kuwa maandiko yanahakikiwa na wataalamu wakati hayahakikiwi ipasavyo, kutaja wahariri ambao hawakukubali kutajwa, na kumkatalia mwandishi anayetaka kuondoa andiko lake. Niliposoma habari hiyo nilihisi kama hakimu alikuwa amekaa nami mezani siku ile ninalipa.

2. Mhakiki mkali aliukumbuka mlima nilioishi juu yake

Andiko langu la pili, lililotokana na utafiti ule ule wa wajawazito wa Rungwe na Mbeya, nililipeleka kwenye jarida la kweli. Miezi ikapita. Nikaandika kuuliza, nikajibiwa kwa adabu kwamba linahakikiwa. Hatimaye yakaja maoni ya wahakiki wawili. Wa kwanza alikuwa mpole. Wa pili aliandika kurasa, na nilipomaliza kuzisoma nilifunga kompyuta nikaenda kupalilia mahindi yasiyohitaji palizi.

Swali lake moja silisahau. Aliuliza kama nilirekebisha vipimo vya hemoglobini kulingana na mwinuko wa mahali. Mtu anayeishi juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa yake ina oksijeni haba, hivyo mwili huongeza hemoglobini ili kufidia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tuliokuwa tukiutumia ulitaka kupunguza gramu 0.5 kwa desilita kwenye kipimo cha mtu anayeishi mita 1,500, na gramu 0.8 kwa anayeishi mita 2,000. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700. Nimezaliwa kwenye baridi hii, nimevaa sweta Julai zote za maisha yangu, na nilikuwa nimewahesabu akina mama wa huku kana kwamba wanaishi Kigamboni. Niliporudia hesabu, wanawake niliokuwa nimewaandika kuwa wana damu ya kutosha walihamia upande wa wenye upungufu, na hawakuwa wachache.

Sasa fikiria. Makala yangu ya kwanza, ile ya haraka, ilikuwa na kosa hilo hilo. Hakuna aliyeniuliza. Bado iko mtandaoni na namba zisizo sahihi kuhusu wanawake halisi, na mganga wa wilaya anayetafuta takwimu za huku anaweza kukutana nayo kabla ya ile iliyorekebishwa. Hapo ndipo niliacha kuona uhakiki kama geti la kuzuia watu. Mhakiki yule wa pili, nisiyemjua jina hadi leo, aliniokoa na aibu ya kudumu kwa kunipa aibu ya wiki moja.

Kuna jaribio moja linaloonyesha majarida yasiyohakiki yanapitisha nini. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga utafiti bandia kuhusu dawa ya saratani inayotokana na lichen, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, akaujaza makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja, akautuma kwa majarida 304 huria, yale yanayosomwa bure mtandaoni. Majarida 157 yaliukubali. Mwandishi wake wa kubuni alikuwa mtafiti wa taasisi isiyokuwepo, mjini Asmara, Eritrea. Wapo waliomlaumu Bohannon kwa kutoyapima pia majarida yanayouzwa kwa usajili, na lawama hiyo ni ya haki. Mimi lililonichoma ni Asmara. Alipotafuta anuani ambayo ingepita bila kushangaza, alituchagua sisi majirani.

3. Geuza nguo ndani nje

Ukienda kununua mitumba soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, mzoefu hatazami kifua cha shati. Analigeuza, anaangalia mishono ya kwapani na ukosi. Jarida nalo linataka kushikwa hivyo, kwa sababu upande wa nje sasa kila mtu anajua kuupiga pasi.

Daktari mmoja kijana alikuja kwangu na jarida la magonjwa ya wanawake.

"Shikamoo Mama. Hili nimelichunguza, halina shida. Lina ISSN, lina DOI, makala zake zinaonekana Google Scholar, hata PubMed nimezikuta."

"Marahaba mwanangu. Na umesoma makala zake?"

Hakuwa amesoma. Nami nilimjibu nikijiona mjuzi, wakati miaka michache nyuma vitu hivyo vinne ndivyo vingenitosha kabisa. ISSN ni namba ya utambulisho yenye tarakimu 8. Hutolewa kwa jarida la mapishi sawasawa na la upasuaji, haisemi lolote kuhusu ubora. DOI ni anuani ya kudumu ya makala, basi. Google Scholar ni mashine inayozoa kila kinachofanana na maandishi ya kitaaluma. PubMed ndiyo ilinishangaza mimi mwenyewe, maana kwetu jina hilo hutamkwa kama neno la mwisho. Ndani yake mna MEDLINE, ambayo majarida yake huchaguliwa na kamati ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na mna pia makala zinazoingia kwa mlango mwingine, ule wa hazina ya PMC, ambako wafadhili huwataka watafiti wao waweke kazi zao popote zilipochapishwa. Kwa hiyo makala moja moja kutoka jarida bovu zinaweza kuonekana PubMed. Cha kuuliza ni kama jarida lenyewe limo MEDLINE, na jibu liko kwenye katalogi ya maktaba hiyo.

Tulikaa na yule daktari mezani tukaanza kugeuza. Tovuti ilikuwa na nembo ya DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa Sweden mwaka 2003. Tukaingia DOAJ kwenyewe: jarida halimo. Nembo ni picha tu, yeyote anaweza kuibandika. Ilikuwa na nembo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji ya tangu 1997. Tukatafuta kwenye orodha ya wanachama: halimo. Ilijitangazia impakti fakta kubwa, yaani wastani wa kunukuliwa kwa makala zake, lakini impakti fakta inayotambulika hukokotolewa na kampuni ya Clarivate, na huko nako halikuwepo. Hiyo yao ilitoka kwa kampuni ya kujitungia namba.

Kisha jopo la wahariri. Mmoja alikuwa mtu wa Afrika Mashariki ambaye daktari wangu aliweza kumpata kupitia chuo anachofundisha. Akamwandikia. Jibu lilikuwa fupi na lenye hasira: amekuwa akiomba jina lake litolewe, hawamjibu. Kuhusu majopo haya kuna jaribio jingine la kuchekesha. Watafiti wa Poland walimtunga mwanasayansi wa kike, Anna O. Szust, ambaye jina lake kwa Kipoland linasomeka "tapeli", wakamwombea uhariri kwenye majarida 360. Kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017, majarida 48 yalimpokea, 40 kati yake yakiwa yale yaliyokwisha kushukiwa. Manane yalikuwa yameorodheshwa DOAJ, hivyo orodha hiyo nayo si msahafu.

Mwisho nikamwomba afungue toleo la karibuni na asome makala tatu tu kama mhakiki. Ya pili ilihusu chakula cha samaki wa bwawani. Kwenye jarida la magonjwa ya wanawake. Akacheka, akafunga kompyuta, tukanywa chai.

Tahadhari moja zaidi kabla sijaondoka hapa. Kuna matapeli wanaoiba jarida zima: wanachukua jina na ISSN ya jarida la heshima, wanatengeneza tovuti inayofanana nalo, na kupokea ada. Hapo uchunguzi wote wa juu utapita, kwa kuwa jarida lipo kweli, ila wewe uko nyumba nyingine. Tangu 2022 Retraction Watch, wafuatiliaji wa makala zinazobatilishwa, wana orodha ya tovuti za namna hiyo. Na usibofye kiungo kilichokuja na barua pepe. Ingia kwa kupitia orodha unayoiamini.

4. Walionitolea damu hawakuitoa kwa ajili ya cheo changu

Hili nililielewa nikiwa nimechelewa, nyumbani kwa mwanamke mmoja wa Rungwe niliyekuwa nimemchukulia damu miaka kadhaa nyuma. Alikuwa akimenya ndizi, akaniuliza bila ubaya wowote: "Yale majibu yetu yalifika wapi?" Nikamwambia yamechapishwa. Akauliza kama Wizara wameyaona. Nikazungumzia bei ya ndizi.

Fomu ya ridhaa aliyotia dole gumba ilikuwa na sentensi niliyoiandika mimi mwenyewe, kwamba matokeo yatasaidia kuboresha huduma kwa wajawazito. Kamati ya maadili iliidhinisha utafiti kwa sentensi hiyo. Kupeleka matokeo mahali ambapo hakuna atakayeyasoma wala kuyaamini ni kuivunja, hata kama hakuna kifungu cha sheria kitakachokukamata. Na kweli hawayasomi: Björk na wenzake walipofuatilia makala za majarida haya, zaidi ya nusu hazikuwa zimenukuliwa hata mara moja katika miaka mitano. David Moher na timu yake ya Ottawa walichambua karibu makala 2,000 za tiba zilizoishia humo wakakuta zimebeba data za watu zaidi ya milioni mbili na wanyama zaidi ya 8,000. Ni asilimia 40 tu ya tafiti zilizotaja kibali cha maadili. Walitoa matokeo hayo mwaka 2017, na kwa waliokuja kuniuliza kuhusu majarida, hiyo ndiyo takwimu pekee iliyowanyamazisha.

Upande wa pili nao upo, tena hapa hapa. Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa NIMR Mbeya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, uliofuatilia watu wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ambako minyoo ya matende na mabusha ilikuwa imeenea. Ulionyesha kwamba mwenye maambukizi ya minyoo hiyo alikuwa na hatari ya kupata Virusi vya UKIMWI takribani mara mbili ya asiye nayo. Damu ya wakulima wa mpunga wa Kyela ikawa hoja ya kimataifa, watu wakaibishia, wakaijaribu, wakaiendeleza. Bila shaka si kila utafiti utafika The Lancet, na wangu haungefika. Lakini ule wangu ungeweza kufika kwa mganga mkuu wa mkoa, kama ningeupeleka tangu mwanzo mahali anapopaamini.

5. Jarida maskini si tapeli, na jarida tajiri si malaika

Baada ya kuungua nikawa mkali kupita kiasi. Kijana mmoja wa Iringa alitaka kupeleka utafiti wake wa kifua kikuu kwenye jarida la nchini. Nikafungua tovuti yake: rangi zimefifia, toleo limechelewa, kiungo kimoja hakifunguki. Nikamwambia aachane nalo. Hakunisikiliza, na alifanya vyema. Andiko lake lilihakikiwa na watu wanaoijua hospitali ya wilaya kwa kuifanyia kazi, likamrudia na maswali ya maana, likachapishwa, na wa kwanza kulinukuu walikuwa watu wa mpango wenyewe wa kifua kikuu.

Nilikuwa nimechanganya umaskini na utapeli. Majarida kama Tanzania Journal of Health Research la NIMR, zamani likiitwa Tanzania Health Research Bulletin, au Tanzania Medical Journal la chama cha madaktari, au East African Medical Journal la Kenya lililoanza miaka ya 1920, huendeshwa na watu wenye kazi nyingine mchana. Yakichelewa, yanachelewa kwa kukosa fedha na mikono. Tapeli hachelewi kamwe. Ukiniuliza leo kati ya tovuti chakavu yenye mhariri anayepokea simu na tovuti ya kung'aa isiyo na mtu, najua nitakwenda wapi.

Ugumu ni kwamba kwa miaka kadhaa dunia ilitegemea orodha ya mtu mmoja, Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver. Alifanya kazi kubwa, na jina la kuyaita majarida haya "wawindaji" ni lake. Lakini alitazama kutoka Denver, na majarida machanga ya nchi kama zetu yalikuwa rahisi kutiliwa shaka naye. Januari 2017 orodha ikaondolewa mtandaoni, na nakala zake zinazozunguka sasa zinatunzwa na watu wengine. Sizitumii peke yake.

Kwa majarida ya Afrika nina mahali bora pa kuanzia: AJOL, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa 1998 na ambayo makao yake yako Afrika Kusini. Tangu 2017 AJOL na shirika la INASP la Uingereza wana mfumo wa kuyapima majarida haya kwa vigezo zaidi ya 100 na kuyapa nyota, kuanzia yasiyo na nyota hadi yenye nyota tatu. Uzuri wake ni kwamba humwambia mhariri nini arekebishe ili apande, badala ya kumbandika alama usoni na kuondoka.

Na matajiri? Hindawi, kampuni iliyoanzia Cairo mwaka 1997, ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Wiley ya Marekani mwaka 2021. Majarida yake yalikuwa kwenye faharasa zote tulizozoea kuziabudu. Magenge yanayouza makala za kughushi yaliingia kupitia matoleo maalumu yenye wahariri waalikwa, na mwaka 2023 pekee makala zaidi ya 8,000 zikabatilishwa. Wiley wakaliacha jina la Hindawi. Wapo waliochapisha humo kwa uaminifu kabisa, na leo wanalazimika kujieleza. Kwa hiyo ukialikwa kwenye toleo maalumu, hata na jina kubwa, uliza mhariri mwalikwa ni nani na amewahi kufanya nini kwenye fani yako.

6. Msamaha wa ada huombwa kabla

Fupi tu, maana funzo hili halina hadithi ndefu. Majarida huria ya heshima yanaweza kudai dola 2,000 na zaidi, na wengi wetu tukiona hivyo tunakimbilia tapeli wa bei nafuu. Kumbe wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi kama Tanzania. Nililipa mara moja ada ambayo ningesamehewa, kwa sababu ya kuona haya kuuliza. Baadhi hufuata makundi ya nchi ya mpango wa Research4Life, wengine orodha ya Benki ya Dunia, ambayo Julai 2020 iliipandisha Tanzania hadi kipato cha kati cha chini, na kwa hiyo mahali fulani msamaha wa yote ukawa wa nusu. Soma ukurasa wa ada kabla ya kutuma, na uombe wakati wa kutuma; wapo wasiosikiliza ombi likija baada ya andiko kukubaliwa. Kama jarida halina ukurasa wa ada, umeshapata jibu lako.

7. Ukishanaswa, usijifiche

Muuguzi mmoja alinipigia usiku, analia. Andiko lake limekubaliwa upesi mno, amestuka, ameomba kulitoa, nao wamemjibu kwamba atalipa "ada ya kuondoa" vinginevyo watalichapisha na kulifikisha jambo hilo kwa mwajiri wake. Vitisho hivyo ni vya kawaida kwao. Nilimwambia asilipe hata senti, asisaini fomu ya hakimiliki, aandike barua moja ya wazi ya kuondoa andiko, yenye tarehe, na atunze nakala za kila kitu. Asubuhi akamweleza msimamizi wake na kamati iliyompa kibali kabla hawajasikia kwa mwingine. Akaogopa aibu, hawakumwaibisha, na mmoja wao akakiri kwamba yalimkuta.

Kama hujasaini wala kulipa, na umeandika barua hiyo, nenda kwenye jarida la kweli na uwaeleze wahariri wake historia yote katika barua ya utangulizi. Wengi wataelewa. Kama makala imeshatoka, hali ni ngumu zaidi: kuichapisha tena kwingine kimyakimya ni kosa la kitaaluma, na utaonekana wewe ndiye tapeli. Unachoweza ni kufanya uchambuzi mpya wa kweli, kuitaja ile ya zamani, na kusema imekosea wapi. Ndivyo nilivyofanya na hemoglobini yangu. Sentensi ile moja ya kukiri ilinichukua muda mrefu kuiandika kuliko makala yote ya kwanza.

8. Wanaohesabu makala nao wazifungue

Nimewahi kukaa kwenye jopo la kupitia maombi ya watu. Tulikuwa na faili nene, chai, na karatasi ya kujumlisha alama. Tulihesabu makala za kila mwombaji. Hakuna aliyefungua hata moja, mimi nikiwemo, mimi niliyejua vizuri kuliko wote mezani pale jinsi makala inavyoweza kununuliwa. Kijana aliyekuwa na makala mbili nzuri za utafiti wa malaria akapitwa na mwenye makala nyingi za miezi michache. Niliona majina ya majarida yale. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa saa kumi na watu walitaka kwenda nyumbani.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti wa Kitanzania atakayechapisha kwenye jarida la kimataifa lenye hadhi ya juu. Ni jambo jema, ingawa nahofia litaleta haraka ya aina mpya, maana panapotangazwa fedha matapeli nao husoma tangazo. Kampeni ya Think. Check. Submit., iliyoanza 2015, ina orodha ya maswali ambayo chuo au hospitali yoyote inaweza kuyabandika ukutani bure. Na ninyi mnaokaa kwenye kamati za vyeo na za ufadhili, huku Mbeya na kwingineko: mwambieni mwombaji alete makala zake tatu anazoziona bora, mzisome, mumuulize maswali. Mkifanya hivyo kwa mwaka mmoja, biashara ya kuuza haraka itakosa wateja huku kwetu.

Nawe unayeandika, kabla hujalipa shilingi, mpelekee jina la jarida mtu mmoja aliyekwisha kuchapisha, au mkutubi wa chuo chako, mkae nalo mezani. Walio karibu waje kwangu. Chai ipo, ila Jumapili asubuhi niko kanisani.